Dawo na Mandela ya 1987: yale tunaambiana na yale yalifanyika kweli

Huwezi kaa Kisumu mwaka mzima bila kusikia jina la Peter Dawo, straika wa zamani wa Gor Mahia. Litatajwa tu, kama si kwa stage ya boda pale Kondele basi ni kwa kibanda cha chai wakati mechi ya Gor imeisha vibaya na kila mtu ana hasira, mzee mmoja anasema "nyinyi hamkuona straika" na hapo stori inaanza. Na ni stori tamu, mimi huacha kila kitu nisikize. Lakini kila mwaka inaongezwa kitu, na sai kuna vijana wa miaka 20 wanaamini vitu kuhusu ile timu ya Gor ya 1987 iliyochukua Mandela Cup, yaani Kombe la Washindi la Afrika, ambavyo havikufanyika kabisa, halafu vile vilivyofanyika kweli, ambavyo ni vikubwa zaidi, hawavijui.

Naelewa ilianzaje. Gor walichukua ligi 1995 halafu wakakaa hadi 2013 bila kuichukua tena, miaka 18 mazee, mtoto anazaliwa anamaliza shule bado tunangoja. Hiyo miaka yote chakula cha shabiki wa Kogalo, yaani Gor, ilikuwa ni hadithi za zamani, baba anamwambia mtoto, mjomba anaongeza chumvi kidogo, na hakuna mtu alikuwa na moyo wa kukosoa maana hizo hadithi ndo zilikuwa zinatuweka pamoja. Lakini sasa mataji yamerudi, tunaweza kuongea ukweli bila kuogopa kwamba tutabaki na mikono mitupu. Hizi hapa ni zile nasikia sana.

"Dawo alishinda Mandela peke yake"

Hii ndo mama ya zote. Vile inasimuliwa ungedhani Gor walikuwa wanaingia uwanjani na mtu mmoja na wengine 10 wa kumpigia makofi. Ukweli ni kwamba Dawo, yule waliyemwita Omuga, alimaliza akiwa mfungaji bora wa kombe hilo la Afrika mwaka huo, hiyo hakuna mtu anaweza kumnyang'anya na inatosha kabisa kumweka kwa orodha ya mastraika wakubwa wa bara hili. Lakini kapteni alikuwa Austin Oduor, waliyemwita Makamu, na Makamu alikuwa beki. Yeye ndo alibeba kombe. Kulikuwa na Abbas Khamis Magongo waliyemwita Zamalek, kulikuwa na George Onyango Fundi, Sammy Onyango Jogoo, Tobias Ochola Jua Kali, John Okello Zangi, majina ambayo ukiyataja mbele ya mzee aliyekuwa akiwafuata unaona uso unabadilika.

Na fikiria tu kazi yenyewe ya straika wa kichwa, maana kichwa ndo ilikuwa silaha yake. Bao la kichwa halitoki hewani. Kuna mtu wa pembeni lazima ampite beki wake kwanza, aangalie juu, apige krosi iende mahali straika bado hajafika lakini atafika. Ikija mapema kipa anaichukua, ikichelewa beki amesharudi. Kuna mzee mmoja pale karibu na Oile huwa anaonyesha, anaweka kikombe chini anasimama, anarudi hatua mbili nyuma kama anatoroka mpira, beki anadhani amemkata, halafu anaruka na shingo imekazwa na macho yako wazi, mpira unapigwa na paji la uso sio utosi, unashuka chini kipa hana la kufanya. Halafu akishamaliza kuonyesha huwa anataja aliyepiga krosi. Kila mara. Yaani yule mzee anajua kwamba bao lina watu wawili, na ni sisi tuliokuja baadaye ndo tumemfuta mmoja.

Kitu kingine kinasahaulika ni kwamba hiyo timu haikuokotwa 1987. Gor walichukua ligi 1983, 1984 na 1985, tatu mfululizo, na 1985 hiyo hiyo wakachukua kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati, la tatu kwao baada ya 1980 na 1981. Kwa hivyo wengi walikuwa wanajuana, wameshacheza fainali, wameshasafiri, wameshakula mapokezi mabaya ya ugenini. Kochi alikuwa Mwingereza, Jack Johnson, na yeye pia siku hizi hatajwi, utasikia watu wanabishana ni kochi gani mwenyeji alikuwa kwa benchi kama vile mzungu hakuwepo. Na mwaka huo wa 1987 walichukua Afrika na ligi ya nyumbani pia walichukua. Straika mmoja hafanyi hayo yote.

"Tulimchapa Esperance Nairobi"

Hatukumchapa. Fainali ya 1987 na Esperance ya Tunisia tulitoka sare, mara mbili. Mkondo wa kwanza kule Tunis uliisha 2-2, marudiano Nairobi Disemba ikaisha 1-1, ukijumlisha ni 3-3 na kombe likaja kwetu kwa sababu ya mabao ya ugenini. Gor walikuwa wamefunga 2 kwao, wao walifunga 1 kwetu. Basi.

Nimesikia matoleo mengine yote, kuna wanaosema 1-0, kuna wanaosema 3-1, na kuna wale wa penati, hao wa penati ndo wengi na wanaapa. Hakukuwa na penati za kuamua kombe siku hiyo. Na mimi nadhani hii sare ina utamu wake mkubwa kuliko ushindi wa 3-1 wa kubuni, hebu kaa chini uipigie hesabu kama vile mtu aliyekuwa uwanjani alikuwa anaipiga. Ikiisha 0-0, sisi. Ikiisha 1-1, sisi. Waarabu wakifunga la pili na sisi tubaki na moja, ni wao. Ikiwa 2-2 zinafanana kila kitu, hakuna aliyezidi mwenzake ugenini, hapo ndo penati zingeingia. Ikiwa 3-3 kombe linapanda ndege kurudi Tunis hata kama hatujafungwa. Kwa hivyo wakati ubao unasoma 1-1 ilikuwa bao moja tu la Esperance linageuza kila kitu, na dakika zinatembea pole pole vile hutembea ukiwa unazihesabu. Ukimuuliza aliyekuwa pale atakuambia firimbi ya mwisho ilikuwa kama mtu amekutolea gunia la mahindi mgongoni.

Kuna wale wa kusema ati mabao ya ugenini ni kushinda nusu, hiyo sikubali. Kufunga mabao mawili Tunis mwaka wa 1987, mbele ya mashabiki wao, na timu za Afrika Kaskazini zilikuwa zinaogopewa vile zilikuwa zinaogopewa, ilikuwa ngumu kuliko kufunga manne nyumbani. Sheria ilikuwepo kabla ya mechi na pande zote mbili zilikuwa zinaijua. Na bado inatumika huku kwetu, 2023 Yanga ya Tanzania walikosa Kombe la Shirikisho kwa sheria hiyo hiyo, walifungwa 2-1 na USM Alger pale Dar es Salaam wakaenda Algeria wakashinda 1-0, jumla 2-2 na wakakosa. Waulize Yanga kama bao la ugenini ni nusu.

Pia watu husahau mwaka wenyewe ulikuwaje. Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, Harambee Stars wakafika fainali wakafungwa na Misri 1-0 nyumbani kwetu. Nchi nzima ilikuwa imeumia. Miezi minne baadaye timu nyingine ya kutoka kaskazini mwa Afrika inakuja Nairobi kwa fainali nyingine na tena hatufungi vya kutosha kulala usingizi. Hiyo furaha ya Disemba haikuwa ya Kogalo peke yao, hata wa Ingwe, yaani wapinzani wetu AFC Leopards, walisherehekea, wengine hawapendi kukubali lakini walisherehekea.

"Mandela Cup ilikuwa mashindano ya kumkaribisha Mandela"

Hapana. Mandela alikuwa bado ndani mwaka huo, alitoka Februari 1990. Kombe lilipewa jina lake akiwa mfungwa, na hapo ndo uzito wake ulipo. Lenyewe lilikuwa Kombe la Washindi la Afrika, yaani unaingia kwa kushinda kombe la mtoano la nchi yako, si ligi. Lilianza 1975, likaenda hadi 2003 halafu likaunganishwa na Kombe la CAF ndo tukapata hili Kombe la Shirikisho la sasa. Kwa hivyo pia wale wanaosema Gor walikuwa "mabingwa wa Klabu Bingwa Afrika" wanachanganya, hiyo ni ligi nyingine na hakuna timu ya Kenya imewahi kuichukua.

Mtu akikuambia zamani ilikuwa rahisi kwa sababu hakukuwa na makundi mwambie aangalie tena. Mtoano kutoka mwanzo hadi mwisho, nyumbani na ugenini, siku moja mbaya na umetoka. Kwa makundi unaweza kupoteza mechi mbili na bado uvuke.

"Ilikuwa dawa ya Kanyamwa"

Hii inaniuma sana, nitasema wazi. Jina la klabu limetoka kwa Gor Mahia, mganga aliyesifika wa Kanyamwa kule Ndhiwa, yule wanasimulia alikuwa anaweza kujigeuza akawa kitu kingine mbele ya adui. Kwa hivyo watu wanaona ni rahisi kusema mabao ya Dawo yalikuwa yanapikwa usiku, kuna hadithi za mpira kupotea machoni pa kipa, kuna hadithi za jezi kuoshwa na maji fulani.

Sasa jibu ni hili. 1979 Gor walifika fainali ya kombe hilo hilo. Jina lilikuwa lile lile, mganga yule yule, Kanyamwa haikuwa imehama. Canon Yaoundé ya Cameroon wakatufunga 2-0 halafu 6-0, jumla mabao 8 na sisi hatukupata hata la kufutia machozi. Kama ni dawa ilikuwa wapi? Kilichobadilika kati ya 1979 na 1987 ni wachezaji, kochi, uzoefu wa mechi kubwa, na kuwa na mtu mbele asiyepoteza nafasi. Ukisema ni dawa unamnyima Dawo jasho lake, kila krosi aliyoifuata mazoezini mara mia bila mtu kumuangalia. Straika asipewe sifa ya mganga, apewe ya miguu yake na kichwa chake.

Na hiyo 1979 inajibu pia wale wanaosema fainali ya 1987 ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya pili.

"Gor ni timu ya Kisumu"

Wageni wanasema hivi na sisi wenyewe tunapenda kusikia. Klabu ilizaliwa Nairobi Februari 1968, na mwaka huo huo wa kuzaliwa ikachukua ligi. Nairobi ndo nyumbani kwake hadi leo. Moyo uko huku, hiyo ni kweli, siku Kogalo inacheza Moi Stadium hapa Kisumu utajua kabla hujafika town, vuvuzela zinaanza asubuhi na boda zote zina bendera ya kijani. Lakini kwa miaka mingi shabiki wa huku alikuwa mtu wa basi la usiku, kilomita kama 350 kwenda kuona mechi na 350 kurudi, na kazini Jumatatu asubuhi. Au alikuwa mtu wa redio. 1987 kituo kilikuwa bado kinaitwa Sauti ya Kenya, KBC ilikuja baadaye, na wengi wanaosema walimuona Dawo ukiwauliza vizuri utapata walimsikia. Hiyo si aibu. Watu walikuwa wanazunguka redio moja kwa kibanda kama wamezunguka moto, mtu mmoja ameshika betri zisitoke, na mtangazaji akipandisha sauti wote wanasimama kabla hata bao halijaingia. Huyo ni shabiki kamili kama aliyekuwa uwanjani, sioni sababu ya mtu kudanganya kwamba alikuwa Nairobi.

"Hakuna timu nyingine ya CECAFA imewahi kushinda kombe la Afrika"

CECAFA ni shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati. Karibu iwe kweli, lakini si kweli. Kwa Kenya, ndio, Gor ni peke yao hadi leo. Ukichukua Kenya, Uganda na Tanzania pamoja bado ni Gor peke yao, na si kwamba wengine hawajajaribu, SC Villa ya Uganda walifika fainali ya Klabu Bingwa 1991, Simba walifika fainali ya Kombe la CAF 1993, Yanga 2023, Simba tena 2025 kwa Shirikisho, wote walikosa. Lakini Sudan ni mwanachama wa CECAFA na El Merreikh ya Omdurman walichukua Mandela Cup hiyo hiyo 1989, miaka miwili tu baada yetu. Kwa hivyo sema "Kenya" au sema "Kenya, Uganda na Tanzania" na utakuwa salama, ukisema CECAFA yote Msudani yeyote atakunyamazisha.

"Ingwe hawajawahi kushinda kitu"

Hii haihusu Dawo lakini husemwa kwa pumzi ile ile, kwa hivyo niiweke hapa. Nina marafiki Kakamega na Vihiga na si haki. AFC Leopards wamechukua kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati mara 5, 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997. Hizo tatu za katikati ni mfululizo. Straika wao wa miaka hiyo Joe Masiga alikuwa daktari wa meno na raga pia alichezea Kenya, mtu mmoja, hebu nitafutie mwingine hivyo sai. Na mkubwa wao Joe Kadenge, yule "Kadenge na mpira", aliyetuacha Julai 2019, watu husema alichezea AFC Leopards lakini jina hilo lilikuja 1980 wakati alikuwa ameshaacha kucheza, enzi zake klabu ilikuwa Abaluhya. Ni timu ile ile, jina tu, lakini ukimuonyesha kijana picha ya zamani inabidi ajue anaangalia nini.

"Chege hakuwa mtu wetu"

Kabla ya Dawo kulikuwa na William Ouma, straika wa Gor ya mwanzo mwanzo na wa timu ya taifa, na kwa sababu kila mtu alimwita Chege kuna vijana wanadhani alikuwa Mkikuyu. Alikuwa Mjaluo. Chege lilikuwa jina la utani. Nashangaa tunavyomwacha nje ya mazungumzo, wazee waliomuona wakianza kubishana kati yake na Dawo ni nani zaidi hawamalizi, na mimi huwa sichagui upande kwa sababu napenda waendelee.

"Oliech alitengenezwa na Gor, na Olunga ndo alikuwa mfungaji bora 2015"

Mbili kwa moja. Dennis Oliech alikulia Mathare United, akaenda Ufaransa akacheza Nantes na Auxerre, kwa Kogalo alikuja 2019 mwisho mwisho wa kazi yake. Tunampenda, alivaa kijani, lakini si sisi tuliomlea.

Michael Olunga ni kweli alikuwa nguzo ya ile timu ya 2015 iliyomaliza ligi bila kufungwa, kitu Gor walikuwa wamefanya pia 1976. Alifunga 19 halafu akaenda Sweden, na yaliyofuata dunia iliona, mabao 28 Japani na Kashiwa Reysol 2020 na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao. Watu wanamlinganisha na Dawo kila siku na mimi huwa nasema acheni kila mmoja na kazi yake, Olunga alifunga wiki baada ya wiki kwa ligi ndefu, Dawo alifunga kwa mtoano wa bara zima ambapo nafasi ni chache na safari ni ndefu. Lakini mfungaji bora wa ligi 2015 hakuwa Olunga. Alikuwa Jesse Were wa Tusker, mabao 22.